Mchoraji Hana Ruhusa ya Kunyamaza

Jarida la Life la tarehe 29 Mei 1944 lilitoka vita vikiwa vimepamba moto, siku chache tu kabla ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Katikati ya habari hizo msomaji alikuta kurasa za picha za rangi zinazoonyesha sayari ya Zohali jinsi ambavyo ingeonekana kwa mtu aliyesimama juu ya miezi yake. Iliyokuja kujulikana kuliko zote ni ile ya kutoka mwezi uitwao Titan: majabali yenye theluji, anga la buluu iliyoiva, na kati ya majabali hayo Zohali ikiwa hilali kubwa, pete zake zikionekana kama mstari mwembamba. Mchoraji alikuwa Chesley Bonestell, Mmarekani mwenye umri wa miaka 56 wakati huo. Hakuna chombo chochote cha binadamu kilichokuwa kimeufikia hata Mwezi wetu huu, achilia mbali Zohali, lakini picha ile ilikuwa na utulivu wa picha iliyopigwa na mtu aliyekwenda, akaona, akarudi.

Wachoraji wa aina hii, pamoja na wenzao waliopamba majalada ya hadithi za kisayansi, husifiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba walitabiri: walichora roketi kabla ya roketi, kituo cha angani kabla ya kituo cha angani. Ya pili ni kwamba waliamsha hamu: kijana aliona picha, akakua akawa mhandisi. Sifa zote mbili zina ukweli wake, na zote mbili zinamdhulumu msanii. Ile ya kwanza inamgeuza mpiga ramli, ambaye heshima yake hupanda na kushuka kwa bahati. Ile ya pili inampa heshima kwa kazi waliyoifanya watu wengine. Hakuna kati yake inayotazama kilichomo ndani ya fremu. Ninachotaka kuonyesha jioni hii ni kwamba picha nzuri ya mahali pasipofikika ni hoja iliyojengwa kwa rangi. Ina vipimo inavyoanzia, ina hatua za kufikiri, na ina mahali ambapo mwenye kuijenga amelazimika kukisia. Kuithamini ni kuisoma hivyo, kipande kwa kipande, tukiuliza kila kipande kimetoka wapi. Ulazima wa kukisia unatokana na jambo moja: mwanasayansi anaruhusiwa kunyamaza pale ujuzi wake unapokoma, ilhali mchoraji hana ruhusa hiyo. Makala ya astronomia yanaweza kutaja uzito wa Titan, umbali wake na muda wa mzunguko wake, kisha yakaishia hapo, na hakuna atakayeyalaumu. Turubai haliwezi kuishia njiani. Ardhi lazima iwe na rangi fulani, jabali liwe na umbo fulani, kivuli kielekee upande fulani, na anga, hata likiwa jeusi, ni uamuzi.

Nianze na hatua za kufikiri, maana hapo ndipo uhodari wa Bonestell ulipo na ndipo watazamaji wengi wanapopita haraka. Hakuwa mwanaastronomia. Alizaliwa San Francisco mwaka 1888, akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Columbia bila kumaliza, akaingia kwenye ofisi za wasanifu. Alishiriki kubuni sura ya nje ya jengo la Chrysler mjini New York, na baadaye alichora picha za Daraja la Golden Gate kwa ajili ya mhandisi wake mkuu, Joseph Strauss, ili wananchi walione daraja ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Kisha akahamia Hollywood, akawa mchoraji wa mandhari bandia za filamu, zile zinazounganishwa na picha za waigizaji kwa ustadi kiasi kwamba mtazamaji haoni mshono. Mkono wake umo katika The Hunchback of Notre Dame ya mwaka 1939 na Citizen Kane ya mwaka 1941. Kazi hizi tatu, ya msanifu, ya daraja na ya filamu, zina sharti moja: kuonyesha kisichokuwepo kwa vipimo vya kweli. Anayetaka kujenga daraja haridhiki na mchoro mzuri wa daraja. Anataka kuona litakavyokaa hasa, ukilitazama kutoka kilima kile, jua likiwa upande ule, saa ile ya alasiri.

Sharti hilo ndilo alilolipeleka Zohali. Kipenyo cha Zohali ni takriban kilomita 120,000, na Titan iko kama kilomita milioni 1.2 kutoka kwake. Hesabu ya pembe inasema kwamba kutoka huko Zohali itachukua karibu digrii 5.6 za anga, yaani upana wa mara kumi na moja ya Mwezi tunaouona sisi. Ukihamia Mimas, mwezi mdogo ulioko kama kilomita 185,000 tu kutoka kitovu cha sayari, Zohali inavimba hadi digrii 38, na mtazamaji atalazimika kugeuza shingo ili aione yote. Pete nazo zina sheria yake. Titan, Mimas na miezi mingine mingi mikubwa ya Zohali huzunguka karibu katika bapa lilelile la pete, kwa hiyo aliyesimama huko anaziona kwa ubavu. Ule mduara mpana unaotufanya tuipende Zohali kwenye vitabu haupo kabisa. Iapetus, ambayo njia yake imeinama takriban digrii 15, ndiyo inayomwonyesha mtazamaji pete zilizofunguka, lakini kwa adhabu ya umbali: kutoka pale Zohali imeshakuwa ndogo. Mchoraji anayetafuta mnunuzi atashawishika sana kuzifungua pete hata akiwa Titan, na wengi wamefanya hivyo. Bonestell alizichora kama mstari. Aliacha pambo lililo maarufu kuliko yote katika mfumo wa Jua kwa sababu hesabu ilimkataza, na ni uamuzi huo, zaidi ya theluji na majabali, unaonifanya nimwite msanii mkubwa.

Sasa tuje kwenye ukisiaji. Mwaka uleule wa 1944 Gerard Kuiper alichapisha ushahidi kwamba Titan ina angahewa yenye gesi ya methani. Mwezi wenye angahewa si kitu cha kawaida, na mchoraji alipaswa kuamua anga hilo lina rangi gani. Buluu ilikuwa jibu la busara, kwa sababu molekuli za gesi hutawanya mwanga wa buluu kuliko ule mwekundu, huko kama hapa kwetu. Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Ulaya kiitwacho Huygens kilitua Titan, na picha zake zilionyesha ardhi yenye vipande vya barafu vilivyoviringika chini ya ukungu wa rangi ya chungwa. Ukungu huo ni mzito kiasi kwamba mtu aliyesimama pale hangeiona Zohali kwa macho hata kidogo. Kwa maneno mengine, picha maarufu kuliko zote katika sanaa hii inaonyesha tukio lisilowezekana. Si kona yake moja iliyo na kasoro. Kasoro imekaa katikati.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linaposimama, tena kwa haki: mnawasifuje watu waliokosea kiasi hicho? Sitaki kulijibu kwa kusema kwamba sanaa haihukumiwi kwa usahihi. Jibu hilo lingefaa kwa mchoraji wa ndoto, ila Bonestell mwenyewe asingelipokea, kwa kuwa alidai usahihi na aliuza usahihi. Hoja hupimwa kwa namna ilivyoutumia ushahidi uliokuwepo. Hoja iliyotumia ushahidi wake vizuri ikaangushwa na ushahidi mpya haina aibu, na anga la buluu la Titan ni la aina hiyo. Iko hoja nyingine iliyokuwa na ushahidi mezani ikaupuuza. Hiyo ina aibu, na Bonestell anayo mfano wake.

Mfano huo ni milima ya Mwezi. Kwa miongo kadhaa Bonestell aliichora ikiwa imechongoka, vilele vyenye makali kama ya meno, majabali yaliyosimama wima juu ya mabonde meusi. Mwaka 1957 Jumba la Makumbusho ya Sayansi la Boston lilipata kutoka kwake picha ya ukutani ya mandhari ya Mwezi, yenye urefu wa takriban mita 12. Mantiki ya milima ile ilisikika vizuri: Mwezi hauna mvua wala upepo, kwa hiyo hakuna kinachosaga ncha, kwa hiyo ncha zimebaki kali. Tena anayetazama kwa darubini kwenye mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi huona vivuli virefu vyenye ncha, na jicho huharakisha kuvipa vivuli hivyo milima inayofanana navyo. Wanaanga wa Apollo 15 walipotua chini ya Mlima Hadley mwaka 1971, picha zao zilionyesha miinuko iliyolainika, yenye migongo ya mviringo. Mvua haipo, kweli, lakini vimondo vikubwa kwa vidogo vimeupondaponda uso ule kwa mabilioni ya miaka, vikaacha vumbi na kifusi mahali pa ncha. Picha ya Boston ilikuwa imeshaondolewa ukutani mwaka uliotangulia, na sasa imo katika hifadhi ya Smithsonian.

Lakini kulikuwa na mtu aliyejua mapema. Lucien Rudaux, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1874, alikuwa mchoraji wa magazeti na pia mwangalizi wa anga mwenye kituo chake cha darubini huko Donville, kwenye pwani ya Normandy. Kitabu chake, Sur les autres mondes, kilitoka mwaka 1937. Ndani yake milima ya Mwezi ina migongo ya mviringo, inafanana ajabu na zile picha za Apollo zilizokuja miaka zaidi ya 30 baadaye. Hakuota. Alitazama ukingo wa Mwezi, mahali ambapo milima huonekana kwa ubavu dhidi ya weusi wa anga, ambapo kivuli hakina nafasi ya kudanganya. Ukingo ule haukuwa siri ya mtu, kila mwenye darubini aliweza kuuona. Rudaux aliufuata. Bonestell, aliyekuwa ameutazama Mwezi na Zohali kwa darubini za kituo cha Lick huko California tangu mwaka 1905, alifuata mantiki ya vivuli, na nina hakika pia alifuata jicho la Hollywood, ambalo haliwezi kustahimili kilima cha mviringo. Kwa kipimo ninachokitetea, katika suala la Mwezi Rudaux ni mchoraji mkubwa kuliko Bonestell, ingawa jina lake halitajwi hata robo ya mara ambazo Bonestell hutajwa. Kipimo cha umaarufu kingetupa jibu lililo kinyume, na hiyo ni sababu tosha ya kukitilia shaka.

Mtu atauliza juu ya wale ambao hawakufungwa na vipimo vyovyote, wachoraji wa majalada ya hadithi za kubuni. Je, hoja yangu haiwatupi nje? Baadhi yao, ndiyo, na sijutii. Wengi haiwatupi. Frank R. Paul, mzaliwa wa Austria aliyefunzwa pia usanifu majengo, alichora jalada la toleo la kwanza la Amazing Stories la Hugo Gernsback, Aprili 1926: watu wanateleza juu ya barafu na Zohali yenye pete imetanda nyuma yao. Rangi zake zinapiga kelele, na watu wake, niseme ukweli, wamesimama kama vikaragosi. Lakini mitambo yake ina maungio, ina bomba zinazotoka mahali na kufika mahali, unaweza kuamini kwamba fundi aliingia ndani yake na bisibisi. Ralph McQuarrie, ambaye michoro yake ya mwaka 1975 ilimsaidia George Lucas kuwashawishi wakuu wa 20th Century Fox kuhusu Star Wars, alikuwa amefanya kazi Boeing akichora sehemu za ndege. Hana data ya sayari ya kubuni, hakuna anayeweza kuwa nayo. Anacho kitu kingine: hadithi iliyoandikwa ambayo mwandishi wake, kama mwanasayansi, aliruhusiwa kunyamaza. Mwandishi anasema tu kwamba mtu ameingia chumbani. McQuarrie alipaswa kuamua anavutaje pumzi akitoka chombo kimoja kwenda kingine, na uamuzi huo wa kifundi ndio uliompa mhusika Darth Vader uso wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaoipenda sanaa hii hawapendi kulisikia. Linasema kwamba picha hizi ni matangazo ya biashara ya roketi na ya vita. Ushahidi wake upo. Kuanzia tarehe 22 Machi 1952 hadi mwaka 1954, jarida la Collier's lilitoa mfululizo wa makala kuhusu safari za angani, uliosimamiwa na mhariri Cornelius Ryan, picha zikichorwa na Bonestell, Fred Freeman na Rolf Klep. Mwandishi wao mkuu alikuwa Wernher von Braun, yuleyule aliyeongoza utengenezaji wa makombora ya V-2 kwa ajili ya Hitler, makombora yaliyoundwa kwa kazi ya utumwa ya wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, maelfu kati yao wakafa. Kituo chake cha angani chenye umbo la gurudumu, kipenyo chake kama mita 75, kilichopaswa kuizunguka Dunia kila baada ya saa mbili, kimechorwa na Bonestell kikiwa cheupe na safi. Makala iliyoambatana nacho inaeleza wazi kwamba kituo hicho kingefaa pia kupeleleza na kurusha silaha za nyuklia. Picha haina alama yoyote ya hilo. Na isisahaulike kwamba miaka miwili nyuma, katika toleo la tarehe 5 Agosti 1950, Collier's hiyohiyo ilimpa Bonestell kazi ya kuchora jalada lenye bomu la atomiki likilipuka juu ya Manhattan, mji ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshiriki kuupamba. Brashi ni ileile, vipimo ni vilevile, uhakika ni uleule.

Sikatai hata neno moja la pingamizi hili. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwamba basi picha hizi ni propaganda tu na hazistahili kusomwa kama sanaa. Ndizo zinazostahili kusomwa kwa makini kuliko nyingine. Propaganda ya kawaida hutumia maneno makubwa na nyuso zilizokunjamana, na msomaji mwenye uzoefu huitambua kutoka mbali. Picha ya Bonestell hushawishi kwa sababu pembe ya mwanga ni sahihi, na mtazamaji akishaamini pembe ya mwanga huamini na lile gurudumu, na akishaamini gurudumu hajiulizi nani atakuwa ndani yake na anatazama chini kwa kusudi gani. Usahihi wa kipande kimoja hukopesha imani kwa kipande cha pili ambacho hakijapimwa. Mtu aliyezoea kuuliza kila kipande kimetoka wapi ataona kwamba mwanga umetoka kwenye jiometri, weupe umetoka kwa mteja. Anayeitupa picha nzima kwa jina la propaganda hataona tofauti hiyo, na picha inayofuata itampata vilevile.

Pingamizi la tatu ni la kamera. Vyombo vya Voyager na Cassini vilikwenda, darubini za Hubble na James Webb zipo. Mchoraji wa nini tena? Wanaosema hivi hudhani kamera hunyamaza pale isipojua. Ile picha ya Hubble ya mwaka 1995 iitwayo Nguzo za Uumbaji ilipigwa kwa vichujio vitatu, vya mwanga wa oksijeni, haidrojeni na salfa, kisha watu wakaamua kwamba hii iwe buluu, ile kijani, ile nyekundu. Uamuzi huo ni halali na una faida, lakini ni uamuzi wa mchoraji. Kuna pia mambo ambayo jicho la mtu huyapata kabla ya filamu. Alexei Leonov, aliyekuwa wa kwanza kutoka nje ya chombo angani tarehe 18 Machi 1965, alikuwa na penseli za rangi ndani ya Voskhod 2, akachora macheo ya Jua yanavyopanda juu ya ukingo wa Dunia kwa tabaka nyembamba za rangi. Alan Bean wa Apollo 12, mtu wa nne kutembea juu ya Mwezi, aliacha NASA mwaka 1981 ili achore tu. Akatia kwenye rangi zake chembe za vumbi la Mwezi kutoka kwenye nembo za vazi lake, na akaupa Mwezi wa kijivu zambarau na dhahabu ambazo hazikuwepo. Huyu alikwenda, akaona, kisha akaamua kukisia. Naziona picha zake nyingine kuwa tamu mno, lakini hakuna anayeweza kusema hakujua alichokibadilisha.

Jibu lenye nguvu zaidi kwa pingamizi la kamera lilitolewa Ufaransa mwaka 1979. Jean-Pierre Luminet, mwanafizikia wa kituo cha kutazama anga cha Paris-Meudon, alitaka kujua shimo jeusi lenye diski ya gesi moto lingeonekanaje. Alipitisha milinganyo ya Einstein kwenye kompyuta ya IBM 7040, mashine ya kadi za kutobolewa isiyoweza kutoa picha, akapata orodha ya namba. Namba hizo akazigeuza picha kwa mkono, nukta kwa nukta, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, nukta zikisongamana pale mwanga ulipo mkali, kisha akaigeuza kuwa negativu. Kilichotokea ni umbo ambalo hakuna mchoraji angelibuni: sehemu ya diski iliyo nyuma ya shimo inaonekana imeinuka juu yake, kwa kuwa mvutano umeupinda mwanga wake, na upande mmoja wa diski unang'aa kuliko mwingine, kwa kuwa gesi ya upande huo inatujia kwa kasi kubwa. Tarehe 10 Aprili 2019 mtandao wa darubini za redio uitwao Event Horizon Telescope ulitoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Ni pete hafifu, upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine. Filamu ya Interstellar ya mwaka 2014, iliyokuwa na kompyuta ambazo Luminet hangeweza kuziota na mshauri wa hadhi ya Kip Thorne, ilikuwa imeufuta mwangaza huo wa upande mmoja kwa kuhofia kwamba watazamaji wangechanganyikiwa. Wino wa mtu mmoja ulikuwa na ukweli ambao bajeti ya Hollywood iliuogopa.

Ila nguvu hii ina madhara yake, na hapa pingamizi la mwisho linaniuma. Tarehe 22 Februari 2017 ilitangazwa kwamba nyota ndogo iitwayo TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru kama 40, ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Pamoja na tangazo zikatoka picha za Robert Hurt na Tim Pyle wa Caltech: sayari zenye bahari, mawingu, barafu, kila moja na sura yake. Kilichopimwa kilikuwa kupungua kidogo kwa mwanga wa nyota kila sayari ilipopita mbele yake, na muda kati ya kupita na kupita. Kutokana na hapo unapata ukubwa, njia, na makadirio ya uzito na joto. Bahari hupati. Magazeti ya dunia nzima yalizichapa picha hizo, maelezo yake yakiwa yamekatwa, na wasomaji wengi waliamini wameziona sayari. Baadaye vipimo vya James Webb vilionyesha kwamba sayari mbili za ndani hazina dalili ya angahewa nzito. Wachoraji wenyewe hawakudanganya. Walieleza kazi yao ni nini, na ukubwa waliouchora ulifuata data. Aliyedanganya, kama yupo, ni mhariri aliyeona maneno “mchoro wa msanii” yanachukua nafasi kwenye ukurasa. Nafasi ile ni sehemu ya kazi ya sanaa kama ilivyo fremu. Picha iliyonyang'anywa maelezo yake imenyang'anywa njia pekee ya kusomwa kama hoja, na kinachobaki ni dai tupu.

Mfano wa mwisho una jina la kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei. Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi NASA, aliipa setilaiti jina la Uhuru. Uhuru haikuwa na kamera. Ilijizungusha taratibu ikihesabu miale inayoingia kwenye vipokezi vyake, na kutoka kwenye hesabu hizo ilionekana kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kwenye kundi la Bata Maji, kinawaka na kufifia kwa muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachobadilika kwa kasi hiyo lazima kiwe kidogo mno. Wengine wakaitambua nyota ya buluu inayokizunguka kila siku 5.6, na kidogo kidogo ikakubalika kwamba hapo pana shimo jeusi. Leo uzito wake unakadiriwa kuwa kama mara 21 ya Jua, na umbali wake miaka ya nuru ipatayo 7,200. Hakuna picha yake hata moja iliyopigwa. Kila picha ya Cygnus X-1 iliyomo kwenye vitabu vya shule, nyota kubwa ya buluu ikinyonywa gesi yake na diski inayong'aa, imechorwa na mtu.

Nyota ile ina kipenyo cha takriban kilomita milioni 30. Upeo wa shimo jeusi la uzito huo una kipenyo cha kama kilomita 120. Mchoraji akiipa nyota upana wa nusu mita kwenye turubai lake, shimo litastahili upana wa sehemu mbili za elfu za milimita, ambao hakuna brashi iwezayo kuuchora wala jicho liwezalo kuuona. Diski ya gesi ni kubwa kuliko shimo, kwa hiyo yeye anaweza kuchora diski na kuacha katikati yake mng'ao tu, bila shimo. Anaweza kusogea karibu hadi shimo lionekane, nyota ikageuka ukuta wa buluu nyuma yake, na mtazamaji asijue tena kwamba ni nyota. Au anaweza kulikuza shimo mara maelfu ili vyote viwili vienee kwenye fremu moja, na wengi huchagua hivyo. Wachache kati yao huandika pembeni kwamba wamelikuza, na mara ngapi.